Mapenzi ya Kamera na Riziki ya Studio: Uhakiki wa Picha za Seydou Keïta

Katika nyumba nyingi za wazee wetu, pwani na bara, ipo picha moja ya zamani iliyotiwa katika fremu na kutundikwa juu ya kabati la vyombo. Babu amesimama wima, mkono mmoja ameuweka juu ya mgongo wa kiti. Bibi ameketi hali amejitanda vizuri. Na nyuma yao lipo pazia la maua, au ukuta uliochorwa nguzo na bustani isiyopata kuwako mahali popote. Ukiuliza ni akina nani hao, utasimuliwa ukoo mzima. Ukiuliza ni nani aliyewapiga picha hiyo, utajibiwa kwamba ilipigwa studio. Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Malenga wetu tunawajua kwa majina, waimbaji wetu wa taarabu pia, na hata wachongaji tumeanza kuwauliza wanaitwa nani. Lakini mpiga picha wa studio tumemwacha bila ya jina, kana kwamba picha hujipiga yenyewe mradi kamera ipo.

Dharau hiyo ina matokeo yake shuleni. Mwanafunzi akimwambia mwalimu kwamba anapenda ushairi, huelekezwa vitabu vya kusoma. Akisema kwamba anapenda kupiga picha, huambiwa kuwa hayo ni mambo ya siku za likizo. Wazazi nao huuliza swali lao, ambalo ni la haki kabisa: atakula nini? Siku hizi, ambapo kila mwenye simu ana kamera mfukoni, swali hilo limezidi kuwa gumu, maana jambo ambalo kila mtu hulifanya bure si rahisi kumshawishi mtu alilipie. Kwa hiyo tumeona yafaa kumchunguza msanii mmoja aliyeanza kwa mapenzi matupu akaishia kula kwa jasho la mapenzi hayo, na kuuliza kazi ilimfanya nini yule mpenzi wa picha. Je, ilimharibu au ilimkamilisha?

Hapa kwetu wangeweza kupatikana wa kuwatolea mfano. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe aliirithi. Hata hivyo tumemchagua Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Tumefanya hivyo kwa kuwa maelfu ya negativu zake zilihifadhika, na kwa kuwa kabla ya kufariki mwaka 2001 alipata nafasi ya kuisimulia kazi yake mwenyewe. Ni mara chache kwa fundi wa studio wa Kiafrika kuulizwa jinsi alivyoifanya kazi yake, na ni mara chache zaidi kwa majibu yake kuandikwa.

Keïta alizaliwa yapata mwaka 1921, wakati Mali ilipokuwa koloni la Ufaransa likiitwa Sudani ya Kifaransa. Hakupelekwa shule. Tangu utotoni alifundishwa useremala nyumbani, na hiyo ndiyo iliyokusudiwa kuwa kazi yake ya maisha. Mwaka 1935 mkubwa wake mmoja katika ukoo alirudi kutoka safari ya Senegal akamletea kamera ndogo ya Kodak, ambayo filamu yake ilikuwa na nafasi nane tu. Kijana huyo wa miaka kama kumi na minne akaanza kuwapiga ndugu zake; na kwa ungamo lake mwenyewe picha za mwanzo ziliharibika.

Baina ya kamera hiyo na siku alipofungua studio yake, mwaka 1948, ilipita miaka kumi na mitatu. Tunamwomba msomaji aitazame miaka hiyo kwa makini, kwa sababu wasimuliaji wengi huiruka ili waufikie umaarufu haraka. Katika miaka hiyo randa na msumeno ndivyo vilivyomlisha Keïta, si kamera. Filamu alizinunua katika duka la Mfaransa mmoja, Pierre Garnier, lililoitwa Photo-Hall Soudanais. Na kazi ya chumba cha giza alijifunza kwa Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha. (Walimu wanaosoma makala haya wasilipite jambo hili upesi.) Hapo ndipo mapenzi yalipokutana na kazi kwa mara ya kwanza. Anayependa kamera hupenda ule wakati wa kubonyeza. Ni wachache wanaopenda kusimama gizani wakipima dawa, wakihesabu dakika, wakiosha karatasi katika maji yaliyo safi, katika mji ambao joto lake peke yake laweza kulainisha utando wa filamu na kuiharibu picha. Lakini asiyejua kusafisha na kuchapa picha zake hubakia mteja wa dukani, hata awe na jicho zuri namna gani. Keïta aliacha kuwa mteja wa Garnier pale alipoweza kulifanya jambo zima kwa mikono yake, tangu mwanga hadi karatasi.

Studio aliifungua katika kiwanja cha ukoo wake, mtaa wa Bamako-Koura, nyuma ya gereza na karibu na stesheni ya reli. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa mapenzi ya sanaa, lakini pana sehemu kubwa katika sanaa yenyewe. Reli ya kutoka Dakar ilimletea wasafiri wa kila namna: wafanyabiashara, watumishi wa serikali ya kikoloni, askari, mabibi waliokwenda kuwaamkia jamaa zao. Watu hao walifika wakiwa wamevaa vizuri na wakiwa na haraka.

Sasa tuziangalie picha zenyewe, tukianza na fani. Kamera aliyoitumia studio ilikuwa ya kisanduku kikubwa chenye kusimama juu ya miguu mitatu, na kila picha ilihitaji kipande chake cha filamu, sentimita 13 kwa 18. Kipande hicho kikisha kusafishwa kiliwekwa juu ya karatasi na kumulikwa, hata picha ikatoka kwa ukubwa ule ule wa negativu: ndogo kidogo kuliko daftari la mwanafunzi. Filamu ilikuwa ghali. Kwa sababu hiyo Keïta, kwa desturi yake, alimpiga mteja mara moja tu. Mtu asiyejua kazi hii aweza kudhani kwamba huo ni ubahili. Sisi tunauona kuwa ndio msingi wa mtindo wake wote. Ikiwa nafasi ni moja, basi usanii wote sharti umalizike kabla kifuniko cha lenzi hakijafunguka. Kwa hiyo alimgeuza mteja bega kidogo ili asikae kama mtu wa kitambulisho, akamwinamisha kichwa, akamwonyesha mahali pa kuweka vidole. Ukutani alitundika picha za mifano ili mteja achague mkao autakao, nao ukirekebishwa mpaka umkae kama nguo ya kupimwa.

Tazama mikono katika picha zake. Wapiga picha wengi wa studio hushindwa mikononi: mteja hajui aipeleke wapi, basi huiacha ikining'inia kama si yake. Katika picha za Keïta hakuna mkono uliosahauliwa. Mmoja unashika ua, mwingine umelala juu ya bega la mwenzake, mwingine umetandazwa juu ya paja ili pete na bangili zionekane. Tunashawishika kusema kwamba hapa tunauona useremala. Mtu aliyezoea kuunganisha mbao ana jicho la pembe na viungo, naye hawezi kuvumilia kitu kilichoegemezwa bila ya kukaa sawa. Jambo hilo hatuwezi kulithibitisha, lakini aliyepata kumtazama seremala akiinamisha kichwa kuuangalia ubao atajua tunazungumzia nini.

Jambo la pili la fani ni pazia. La kwanza lilikuwa shuka lake mwenyewe la kutandika kitandani, lenye vishada ukingoni. Baadaye alibadilisha pazia kila baada ya miaka miwili au mitatu, na kwa njia hiyo aliweza uzeeni kukumbuka ni mwaka gani picha fulani ilipigwa: alitazama pazia kama mwingine atazamavyo kalenda. Wateja walikuja na nguo zao za nakshi, zikakutana na nakshi za pazia bila ya kupatana rangi wala mistari. Ipo picha ya mwanamke aliyejinyoosha juu ya kitanda, kichwa ameinua, nguo yake ina nakshi, tandiko lina miraba, na pazia lina maua. Kwa kanuni za vitabu vya upigaji picha hilo ni kosa, maana mtu anapaswa kutengwa na kilicho nyuma yake. Kumbe hapa kosa ndilo linaloipa picha nguvu. Nguo, tandiko na pazia vinagombana, na katikati ya ugomvi huo uso mmoja umetulia, nao ndio unaoshinda. Tusimpe Keïta sifa isiyo yake: shuka lile lilitumika kwa kuwa lilikuwapo. Msanii hutambulikana kwa kujua nini cha kufanya na kile kilichopo.

Tukija kwenye maudhui, tunakutana na hoja ambayo hatuna budi kuijibu. Keïta aliweka studio suti za Kizungu, tai, saa za mkono, kalamu za wino, redio, simu, hata pikipiki aina ya Vespa na gari lake la Peugeot 203, na mteja aliweza kupigwa navyo. Kwa hiyo wako watakaosema kwamba picha hizi ni kioo cha kasumba: Mwafrika wa koloni anaazima vitu vya mtawala ili ajione mtu. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Saa ile si yake, na kesho mwingine ataivaa mkono ule ule wa kushoto.

Lakini tukumbuke picha zilizotangulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Edmond Fortier, aliyekaa Dakar, alitoa maelfu ya kadi za posta za watu wa Afrika Magharibi. Katika nyingi ya kadi za namna hiyo, zake na za wenzake, aliyepigwa hana jina. Ameandikwa kabila lake au kazi yake, naye amesimama pale ili mtu wa Ulaya amtazame. Hakulipa, hakuagiza, na wala hakuchukua nakala. Katika uwanja wa Keïta mambo yamegeuka. Anayepigwa ndiye anayelipa, ndiye anayechagua mkao, na ndiye anayekwenda na picha nyumbani kumpa mchumba, mama, au rafiki aliye mbali. Asipopendezwa atasema. Basi hata akiazima saa, ameiazima kwa sababu zake mwenyewe, ili waone wale anaotaka waone. Isitoshe, wanawake walio wengi katika picha hizi hawakuazima kitu cha Kizungu hata kimoja. Wamevaa mavazi yao mapana, dhahabu zao, na misuko ya nywele iliyosukwa kwa ajili ya siku hiyo. Saa ya kuazima imewapumbaza wahakiki wengi hata wasizione dhahabu za mwenyewe.

Picha inayolijibu swali hili kuliko nyingine, kwa maoni yetu, ni ile ya mwaka 1959 ya kijana aliyevaa suti nyeupe na miwani minene, kalamu mfukoni, mkononi ameshika ua moja mbele ya kifua. Vitu vyote alivyovaa ni vya mjini na vya wakati wake. Lakini hakuna ofisi iliyomwambia ashike ua. Ukilifunika ua hilo kwa kidole unabakiwa na picha ya karani. Ukiondoa kidole, karani huyo ana siri, na hatutaijua kamwe.

Hata hivyo sisi si miongoni mwa wanaosema kwamba Keïta alituachia picha ya jamii yote ya Bamako. Aliwapiga waliokuwa na pesa ya kulipa, katika siku ambayo walijipamba. Hatumwoni mkulima na jembe lake wala mpagazi na mzigo wake. Studio iliegemea gereza, na katika picha zinazojulikana hatumwoni hata mtu mmoja wa gereza. Hiyo ndiyo gharama ya kuyageuza mapenzi kuwa biashara: mteja hukufundisha sanaa yako, lakini pia hukuwekea mpaka. Kijana wa miaka kumi na minne mwenye nafasi nane za filamu alikuwa huru kumpiga yeyote. Mwenye studio alimpiga aliyeingia.

Mpaka huo mwenzake, Malick Sidibé, aliuvuka kwa njia nyingine. Huyu alikuja mjini kutoka kijiji cha Soloba akiwa mchoraji hodari, akaajiriwa na mpiga picha wa Kifaransa, kisha akafungua studio yake mtaa wa Bagadadji. Yeye alichukua kamera ndogo na taa yake, akawafuata vijana katika dansi zao usiku. Picha yake ya mwaka 1963 ya kaka na dada wakicheza usiku wa Krismasi imejulikana duniani kote. Lakini Sidibé naye alitengeneza kamera za watu ili apate riziki. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venice, wa kwanza katika Afrika, na baada ya hapo bado watu walimkuta Bagadadji.

Turudi kwa Keïta. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na mwaka 1962 serikali mpya ilimwita awe mpiga picha wake. Muda si mrefu studio ikafungwa. Alitumika hadi alipostaafu mwaka 1977. Kwa mzazi yule anayeuliza mtoto atakula nini, huu ndio mwisho mwema wa hadithi: mshahara, cheo, na kiinua mgongo. Lakini picha alizopiga katika miaka hiyo kumi na mitano hazikupata kujulikana kama zile za uwanjani kwake, na sisi hatuamini kwamba sababu ni bahati tu. Mshahara ulimwondolea wasiwasi wa riziki, na pamoja na wasiwasi ulimwondolea mteja. Kiongozi anayeshuka ndegeni hapangwi vidole, wala haulizi kama ametoka vizuri. Hatusemi hayo ili kuilaumu kazi ya umma, maana hata kurasa hizi zimechapwa kwa fedha za umma. Tunasema tu kwamba mapenzi yaliyozoea kubishana na mtu mmoja mmoja, ana kwa ana, hayahamishiki kwa barua ya uteuzi. Baada ya kustaafu Keïta alijishughulisha na kutengeneza magari na pikipiki, na negativu zake zikakaa nyumbani zimetunzwa.

Mwaka 1991 yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa za Kiafrika mjini New York. Miongoni mwa vitu vilivyotundikwa zilikuwamo picha za Bamako, na chini yake pameandikwa kwamba mpigaji hajulikani. Hakuwa mtu wa kale. Alikuwa hai, mjini kwake, na mtaani kila mtu alimjua. Waliotafuta walimpata, na mwaka 1994 picha zake zikaonyeshwa Paris kwa jina lake. Kutoka hapo zikaanza kuchapwa upya kwa ukubwa usiopata kufikiriwa Bamako-Koura, nyingine zikikaribia kimo cha mtu, nyeusi ikiwa nyeusi kabisa na nyeupe ikiwa nyeupe kabisa.

Hapa tuna shaka yetu. Picha iliyotengenezwa ishikwe mkononi ina adabu yake: unaiinamia, unamwonyesha aliye karibu, unaifuta vumbi kwa kiganja. Ikikuzwa mpaka ijaze ukuta, nakshi za pazia zinapiga kelele, na yule bibi aliyepigwa kwa ajili ya mumewe anatazamwa na halaiki ya wageni wasiomjua. Yeye na wenzake sasa hawana jina, kama wale wa kadi za posta. Jina lililopatikana ni la mpigaji peke yake. Na baada ya Keïta kufariki, hata negativu zenyewe ziligombaniwa.

Lakini uaminifu unatulazimisha kuongeza kwamba mwenyewe hakuwa na shaka hiyo. Alipoziona picha zake zimekuzwa, safi, hazina doa, alifurahi kupita kiasi, na alisema kwamba hapo ndipo alipojua kuwa kazi yake ilikuwa njema kweli kweli. Mtu aliyefanya kazi ile kwa mikono yake aliipenda kubwa; sisi tusiopata hata kuosha karatasi moja tunaipenda ndogo. Tumeyaacha maoni yote mawili yakae hapa, kwa sababu hatukuweza kuyapatanisha.

Nyuma ya picha alizowapa wateja wake, Keïta alikuwa akigonga muhuri wenye jina lake na mtaa wake. Tulipokuwa tukiandika makala haya tuliziteremsha picha chache za zamani kutoka kuta za jamaa zetu, kwa ruhusa yao, tukazitoa katika fremu na kuzigeuza. Mbili hazikuwa na kitu. Moja ilikuwa imegandishwa kwa gundi juu ya kadibodi, haikubanduka. Ya nne ilikuwa na muhuri wa wino wa zambarau uliofifia. Jina la mtaa lilisomeka, pamoja na herufi mbili za mwanzo za jina la mtu.